Komanda aliyezama na nyambizi yake: watu wanatafuta vipi maisha yake?

Leo naacha kidogo mambo ya mihogo na udongo. Nataka kueleza namna watu wanavyofuata maisha ya ofisa wa jeshi la majini aliyepotea wakati wa vita ndani ya nyambizi (wengi wetu huku tunasema sumarini). Hapana mwili, hapana kaburi, hapana hata shahidi mmoja. Sasa mtu anaanzia wapi?

Tuchukue kisa kimoja cha kweli: Edward Philip Tomkinson, Mwingereza, komanda wa HMS Urge. Nyambizi hiyo ilijengwa Barrow-in-Furness, ikaanza kazi mwisho wa 1940, kisha ikatumwa Malta, kile kisiwa kidogo kati ya Italia na Libya. Ilikuwa ya kikosi cha 10 cha nyambizi. Kazi yao ilikuwa kukata njia ya meli zilizopelekea jeshi la Rommel mafuta na silaha kule Afrika ya kaskazini. Tarehe 14 Desemba 1941 Tomkinson aliipiga kwa topido Vittorio Veneto, meli kubwa sana ya vita ya Italia. Tarehe 1 Aprili 1942, karibu na Stromboli, akaizamisha Bande Nere, na mamia ya mabaharia Waitalia wakafa. Hata nao walikuwa watoto wa watu.

Mwezi haujaisha, zamu ikawa yake. Ndege za adui zilikuwa zinapiga Malta bila kupumzika, mpaka nyambizi zikawa zinashinda mchana zimezama humo humo bandarini, zinajificha. Wakubwa wakaamua kikosi kihamie Alexandria, Misri. Urge iliondoka 27 Aprili 1942. Ilipaswa kufika 6 Mei. Haikufika.

Basi, mtafutaji anaanza na yale mepesi. Kuna tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo orodha yake unaweza kuisoma bure kwenye intaneti. Kwa mabaharia wasio na kaburi, majina yamechongwa kwenye minara ya Portsmouth, Plymouth au Chatham. Hapo unapata jina kamili, cheo, meli na tarehe. Kisha kuna gazeti la serikali, London Gazette, ambalo lilitangaza nishani. Tomkinson alipewa DSO zaidi ya mara moja. Lakini gazeti la wakati wa vita halisemi mengi, juu adui naye alikuwa anasoma.

Nyama yenyewe iko Kew, London, kwenye nyaraka za taifa. Kila nyambizi iliporudi bandarini, komanda aliandika ripoti ya safari: saa ngapi alizama, aliona meli gani, alituma topido ngapi, alipigwa mabomu mangapi. Ukisoma ripoti moja baada ya nyingine, mtu anaanza kutokea mbele yako: mwenye subira ao mwenye haraka, anayekubali aliposhindwa ao anayetafuta sababu. Mimi naona ripoti hizo zinasema mengi kuliko picha yake.

Shida ni kwamba safari ya mwisho haina ripoti. Aliyepaswa kuiandika amezama nayo. Hapo njo kazi ya kweli inaanza, na jambo la kushangaza ni hili: ukurasa wa mwisho wa maisha ya ofisa huyo hauko kwa watu wake, uko kwa adui. Lazima ufungue daftari za vita za Wajerumani na za Waitalia, uone nani alisema siku ile kwamba amepiga nyambizi, na nani alitega mabomu baharini, wapi, usiku gani.

Kwa Urge palikuwa na hadithi mbili. Ya kwanza: tarehe 29 Aprili 1942 ndege za Italia ziliripoti kushambulia nyambizi karibu na Ras el Hilal, Libya. Miaka mingi kisha, mzamiaji mmoja wa Ubelgiji akatangaza kwamba ameona mabaki ya Urge upande huo, kwa kusoma picha za sona (chombo kinachotuma sauti majini na kuchora kilicho chini). Magazeti yakaandika. Ya pili haikuwa na kelele: boti ndogo za Wajerumani zilikuwa zimetega mabomu kwenye njia za kutokea Malta, na pengine Urge iligonga moja hata kabla ya kufika mbali.

Mjukuu wa Tomkinson, ambaye hakumwona babu yake kamwe, hakuridhika na ile ya Libya. Yeye na mtafiti mmoja wa Canada waliweka makaratasi ya pande zote pamoja, kisha wakaenda kwa wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Malta. Hao wakapitisha sona kwenye eneo lililokuwa na mabomu. Sisi wa agronomia tunaelewa haraka: ni kama kupita shamba mstari kwa mstari ukichukua sampuli za udongo. Ukiruka mistari, unaweza kuruka jibu lenyewe.

Mwaka 2019 wakaipata, mita kama 130 chini. Imekaa wima, sehemu ya mbele imevunjika, namna bomu la kutegwa linavyovunja. Mwaka uleule, Waitalia nao walipata mabaki ya Bande Nere karibu na Stromboli.

Ngoja niongeze jambo moja ambalo watafutaji wengi wanalipita. Ndani ya Urge walikuwa watu 44, lakini wa nyambizi yenyewe walikuwa 32 tu. Wengine 11 walikuwa wanajeshi wa majini waliopewa nafasi ya kusafiri, na mmoja alikuwa mwandishi wa habari, Bernard Gray wa Sunday Pictorial. Ukitafuta kwa orodha ya wafanyakazi peke yake, familia 12 hazitapata jibu. Na kwetu? Vita ilikuwa ileile: mwaka 1941 wazee wetu wa Force Publique walikuwa Ethiopia, wakapigana Saïo. Wangapi kati yetu tunajua hata mwaka babu aliingia jeshini, ao jina lake liliandikwaje na karani Mbelgiji?

Kwa familia za Urge, kujua mahali kulibadilisha pia saa. Mabaki yako kilometa chache tu kutoka Malta. Kwa hiyo wakati Alexandria walikuwa wanangoja, siku baada ya siku hadi 6 Mei, wale 44 walikuwa wamekwisha kufa tangu siku ileile ya kuondoka.