Kodi, Vita na Katiba: Jinsi Makoloni 13 Yalivyozaa Marekani

Makoloni 13 ya Uingereza yaliyotanda katika pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini yalitangaza uhuru Julai 1776, yakashinda pambano kubwa la mwisho mwaka 1781 na kutambuliwa kwa mkataba mwaka 1783, lakini serikali ya taifa yenye uwezo wa kutawala haikuanza kazi hadi mwaka 1789. Miaka hiyo sita baina ya amani na serikali husimuliwa kwa haraka mno, ilhali ndiyo yenye fundisho zito kuliko vita vyenyewe, kwa kuwa swali lililowatenga walowezi na Mfalme George III, yaani ni nani mwenye haki ya kutoza kodi na kwa ridhaa ya nani, liliwarudia wao wenyewe mara tu majeshi ya mfalme yalipoondoka.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa deni. Vita vya Miaka Saba, vilivyomalizika mwaka 1763 kwa Ufaransa kuipoteza Kanada, viliiachia Uingereza deni la taifa lililokaribia kuongezeka maradufu, na Bunge la London likaona ni haki walowezi waliolindwa na jeshi lake wachangie gharama. Sheria ya Stempu ya 1765 ikaamuru magazeti, hati za mahakama, leseni na hata karata za kuchezea zitengenezwe kwa karatasi iliyolipiwa ushuru. Walowezi hawakukataa kodi kwa jumla, kwani mabaraza yao ya kutunga sheria yalikuwa yamewatoza kwa miaka mingi. Walichokikataa ni kutozwa na bunge ambalo hawakuwa na mjumbe hata mmoja ndani yake. Sheria hiyo ilifutwa Machi 1766, lakini siku hiyohiyo ilipitishwa nyingine iliyodai kwamba Bunge lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. Kuanzia hapo mzozo ulipanda ngazi kwa ngazi: ushuru wa chai, makasha 342 ya chai yaliyotoswa katika bandari ya Boston Desemba 1773, kufungwa kwa bandari hiyo mwaka uliofuata, na hatimaye risasi za Lexington na Concord, Aprili 1775.

Katika vita vilivyofuata, Uingereza haikushindwa kwa ushujaa wa walowezi peke yake. Ushindi wao wa Saratoga mwaka 1777 uliishawishi Ufaransa kutia saini mkataba wa ushirikiano Februari 1778, na ni manowari za Ufaransa zilizoziba Ghuba ya Chesapeake ndizo zilizomnyima Jenerali Cornwallis njia ya kutoroka, hata akasalimu amri Yorktown Oktoba 1781 pamoja na askari zaidi ya 7,000. Ni lazima pia isemwe kwamba kwa Waafrika wengi waliokuwa utumwani, uhuru ulikuwa upande wa mfalme, kwa sababu gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza mwaka 1775 kuwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi lake wataachwa huru. Vita vilipokwisha, Waafrika wapatao 3,000 walisafirishwa kutoka New York kwenda Nova Scotia, na mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walivuka bahari tena na kuanzisha mji wa Freetown, Sierra Leone.

Wakati huohuo majimbo yalikuwa yamefungwa pamoja na hati iitwayo Ibara za Shirikisho, iliyoanza kutumika rasmi Machi 1781. Hati hiyo ilikuwa karibu zaidi na mkataba wa urafiki baina ya nchi 13 kuliko katiba, maana kila jimbo lilibaki na mamlaka yake kamili na kura moja katika baraza la pamoja, Kongresi, ambalo liliweza kutangaza vita na kukopa fedha lakini halikuruhusiwa kumtoza mwananchi kodi hata senti moja. Kongresi iliomba, na majimbo yalitoa yalipopenda. Pendekezo la ushuru wa forodha wa asilimia 5, ambao ungelipa madeni ya vita, lilikwama mwaka 1782 kwa sababu Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikataa, na badiliko lolote la Ibara lilihitaji idhini ya majimbo yote.

Udhaifu huo ulidhihirika Massachusetts mwaka 1786, wakulima walioelemewa na madeni na kodi za jimbo walipoanza kuzuia mahakama zisikae ili mashamba yao yasinadiwe. Mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa kapteni katika vita vya uhuru. Kongresi haikuwa na fedha za kupeleka jeshi, ikabidi matajiri wa Boston wachange kulipa mgambo waliouzima uasi huo mwanzoni mwa 1787.

Miezi michache baadaye wajumbe 55 walikutana Philadelphia, Rhode Island ikiwa imesusia, nao badala ya kuzirekebisha Ibara wakaandika katiba mpya iliyoipa serikali ya shirikisho uwezo wa kutoza kodi moja kwa moja. Majimbo makubwa yaliridhishwa kwa Baraza la Wawakilishi lenye viti kulingana na idadi ya watu, na madogo kwa Seneti yenye viti sawa. Mapatano mengine yalikuwa dhuluma ya wazi: majimbo ya kusini yaliruhusiwa kuhesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu ili yajiongezee viti, na Kongresi ikakatazwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Watu waliopigania haki ya kuwakilishwa waliongeza uwakilishi wao kwa kuwahesabu wale waliowanyima uwakilishi wote, na doa hilo lilidumu ndani ya Katiba hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe.

George Washington aliapishwa Aprili 1789, na ushuru wa forodha ulipitishwa mwaka huohuo. Kodi ya pombe kali ya 1791 iliwaudhi wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, waliogeuza nafaka kuwa wiski kwa kuwa kuvusha magunia milimani kuligharimu mno, na walipochukua silaha mwaka 1794 Washington aliwapelekea mgambo karibu 13,000. Uasi ulitawanyika bila pambano kubwa. Kodi yenyewe iliondolewa mwaka 1802, baada ya wapiga kura kumchagua Thomas Jefferson pamoja na Kongresi iliyoipinga.