Nywele za Mgeni Mwalikwa: Kujisuka Nyumbani kwa Ajili ya Harusi

Fedha za kahawa zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima wa Karagwe na Kyerwa, kadi za michango ya harusi nazo huanza kumiminika. Jumamosi hupita kwa shangwe, na Ijumaa jioni, kutoka Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, utawakuta kina mama wameketi uani wakisukana. Wengine hujisuka wenyewe mbele ya kioo kilichoegemezwa dirishani, kwa kuwa mchango, kitenge cha sare na nauli ya bodaboda vimekwisha kumeza fedha ambayo ingekwenda saluni. Makala haya yanamhusu mgeni huyo anayejitengeneza mwenyewe, pamoja na mhudumu wa afya atakayempokea Jumatatu endapo mambo yameharibika.

Tuanze na maumivu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba suko zuri ni lile linalokaza mpaka nyusi zinapanda. Mtu hukesha usiku wa kuamkia harusi akiwa hawezi kuegemeza kichwa kwenye mto, humeza vidonge vya kutuliza maumivu, na asubuhi husifiwa. Kitabibu, maumivu hayo si gharama ya urembo. Ni taarifa kwamba mzizi wa nywele unavutwa kupita uwezo wake. Vipele vidogo vinavyozunguka mashina ya nywele ni taarifa ya pili. Mahali panapoathirika kwanza ni pembezoni, juu ya paji la uso na mbele ya masikio. Mvuto ukirudiwa harusi baada ya harusi, nywele za hapo hupungua, na mwishowe kovu huchukua nafasi ya mzizi. Likishafika hatua hiyo, hakuna mafuta ya dukani yatakayozirudisha.

Hali hii haikuanzia kwetu. Maelezo yake ya kitabibu yalikwisha kuandikwa mwaka 1907 kuhusu wanawake wa Greenland, waliokuwa wakikaza nywele zao kuelekea utosini. Karne moja baadaye, mwaka 2007, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 waliochunguzwa alikuwa na dalili za upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Kundi hilohilo la watafiti lilibaini pia kwamba hatari huongezeka nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zinapokazwa kwa misuko. Kwa mgeni wetu maana yake ni nyepesi: dawa na rasta visikutane katika maandalizi ya harusi moja. Achague kimoja.

Na akichagua dawa, ajue anashika nini. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina alkali kali, ya jamii ileile inayotumika kutengenezea sabuni, nayo huunguza ngozi kama inavyolegeza nywele. Kichwa kilichokunwa, chenye mba inayowasha au kidonda, hakiwekwi dawa. Kabla ya kufungua kopo, madumu mawili ya maji safi yawe yamejaa na yapo karibu. Nimeshuhudia mtu akitumwa kisimani huku mwenzake analia kichwa kinawaka moto. Inapochoma, usisubiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo zitimie. Suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na ikiwa imeingia jichoni, suuza jicho kwanza, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kitana cha chuma kinachopashwa kwenye jiko la mkaa nacho kina mashaka yake, kwani joto lake halipimiki. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walikilaumu kwa upara unaoanzia utosini na kusambaa. Baadaye ilionekana kwamba wagonjwa wengi wa upara huo hawakuwahi kukitumia. Kwa hiyo tusikihukumu kwa kosa hilo. Majeraha ya moto ya masikio na shingo, hata hivyo, ni yake.

Lipo pia beseni la maji yaliyochemka ambamo ncha za rasta huchovywa ili zisifumuke. Anayejisuka peke yake huinama juu ya beseni, misuko ikamwagia maji mgongoni au mapajani, au mtoto akalipindua. Omba mtu wa pili, weka taulo nene mabegani, na beseni liwe mbali na watoto. Rasta za kutengenezwa kiwandani hushika moto upesi, nasi tunafahamu kwamba mgeni wa kike katika harusi zetu hakai muda mrefu kwenye kiti. Ataitwa kupika ndizi kwenye mafiga. Afunge kitambaa cha pamba kabla ya kuusogelea moto.

Basi ajisukeje? Nywele zioshwe na zikauke kwanza, kwa sababu nywele mbichi hunyumbuka na kukatika kwa urahisi. Msuko uanze kwa nywele zake mwenyewe, rasta ziongezwe kidogo kidogo, na zile nyepesi za pembeni ziachwe nje. Misuko michache yenye mashina mapana ni salama kuliko mingi membamba yenye rasta nzito. Akimaliza, ainue nyusi, ageuze shingo, atafune kitu. Akihisi kuvutwa, afumue ya mbele na kuisuka upya usiku huohuo. Binafsi ninaupendelea uzi wa pamba wa bibi zetu: nywele hufungwa kwa uzi bila kukazwa, hulaliwa, na asubuhi hufunguliwa zikiwa zimenyooka bila moto wala dawa, tayari kubanwa kwa kibanio au kupambwa kwa kilemba.

Kwa mhudumu wa zahanati: mwombe mgonjwa avue kilemba, kwa staha na mahali pa faragha. Tazama pembezoni. Mstari mwembamba wa nywele chache zilizosalia mbele ya eneo lililopungua huashiria mvuto. Ngozi laini inayong'aa, isiyo na vishimo vya nywele, huashiria kovu. Kwa mtoto aliyesukwa kwa ajili ya kusindikiza maharusi, mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika huenda ni mapunye, ambayo krimu peke yake haiyaponyi. Huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, na vitana vya nyumbani visafishwe. Usiulaumu msuko kwa kila upara: lishe duni, tezi ya shingo, uzazi wa karibuni na magonjwa sugu nayo hupunguza nywele. Palipo na shaka, mpe rufaa mapema. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kipo Moshi tangu mwaka 1992, lakini kutoka Nyakahanga au Isingiro ni mbali mno kwa mtu kwenda kuambiwa kwamba amechelewa.

Harusi ikishapita, misuko isikae zaidi ya miezi 2 au 3. Fumua kwa vidole, ukianzia nchani, na uziache nywele zipumzike wiki kadhaa kabla ya kadi nyingine kugonga mlango.