Maaskofu Wajibiwe kwa Hoja

Kila mara maaskofu watoapo waraka wenye kugusa mambo ya nchi, neno lile lile husikika katika vikao vya Chama, tangu shina hata wilaya: "Warudi madhabahuni, siasa watuachie wenyewe." Neno hili ni jepesi kulitamka, na hupigiwa makofi upesi. Lakini sisi twaona ya kuwa ni neno la mtu aliyekosa jibu, wala haifai Chama kilichopata nguvu zake kwa kushawishi watu kionekane kimekosa jibu.

Katiba yasema Jamhuri yetu ni nchi isiyokuwa na dini, nayo ibara ya 19 yaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maana yake ni kwamba Serikali haiendeshi makanisa wala misikiti, na makanisa na misikiti haiendeshi Serikali. Haikuandikwa popote kwamba raia akivaa joho amevuliwa ulimi. Askofu hulipa kodi, hupiga kura, na hupita katika barabara zile zile mbovu tupitazo sisi.

Sisi tuliosomeshwa na misioni, tukafundishwa hesabu na katekisimu kwa chaki moja, twajua jinsi ilivyo vigumu kuchora mstari na kusema hapa dini inakoma, hapa mambo ya nchi yanaanza. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransis, Pugu, hata mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akachagua siasa. Baadaye Serikali yake ilitunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misioni zikachukuliwa. Mtu angedhani kiongozi wa namna hiyo alitaka Kanisa likae kimya. Kumbe mwezi Oktoba 1970, akisema na watawa wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kinyume chake: Kanisa lisiposhiriki kuupinga mpango wa jamii na uchumi unaowafunga watu katika umaskini na unyonge, litakuwa kitu kisicho na maana kwa mwanadamu. Rais wa TANU ndiye aliyesema hayo. Wanaowafukuza maaskofu katika mambo ya nchi kwa kulitaja jina lake wangefanya vema kuisoma hotuba ile kwanza.

Tena Serikali yenyewe haikupata kuishi mbali na Kanisa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilijengwa na Wakatoliki, ikatwaliwa na Serikali mwaka 1972, ikarudishwa kwa maaskofu kwa mapatano mwaka 1985. Kule Moshi iko KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwezi Februari 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi Hati ya Makubaliano juu ya huduma za elimu na afya, hati ambayo ndugu zetu Waislamu wengi wameilalamikia tangu siku hiyo, na malalamiko yao yastahili nayo kusikilizwa. Lakini maadamu twamwita askofu atusaidie kutibu wagonjwa wa taifa, hatuwezi kumwambia kwamba taifa halimhusu.

Na tuyatazame yaliyotokea. Mwaka 2018, wakati wa Kwaresima, maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe ulioonya juu ya kubanwa kwa uhuru wa wananchi. Walutheri wakafuata kwa waraka wao wa Pasaka. Jibu lilikuwa nini? Barua kutoka ofisi ya Msajili wa Jumuiya, ikiwataka Walutheri waufute waraka wao! Makelele yalipozidi, Waziri aliikana barua hiyo. Kwa hiyo fedheha ikapatikana, na hoja zilizomo katika waraka zikabaki pale pale bila kuguswa na mtu.

Jambo la bandari lilikwenda njia nyingine, nalo lina mafunzo zaidi. Mkataba kati ya Tanzania na Dubai ulitiwa sahihi mwezi Oktoba 2022, na Bunge likauridhia tarehe 10 Juni 2023. Tarehe 18 Agosti, Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kuupinga, likasomwa makanisani. Wengi wetu tulikasirika. Wengine walinong'ona mambo ya dini ya Rais na dini ya Waarabu, minong'ono ya hatari ambayo haikuwa na nafasi katika shauri la gati na makontena. Hata hivyo lililowasumbua watu lilikuwa wazi, wala halikuwasumbua Wakristo tu: mkataba haukutaja utakwisha baada ya miaka mingapi. Serikali ilijibu kwamba ule ulikuwa msingi tu, na masharti yatakuja katika mikataba ya utekelezaji. Basi tarehe 22 Oktoba 2023, huko Chamwino, mikataba hiyo ilitiwa sahihi: gati namba 4 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam, kwa muda wa miaka 30, na utendaji kupimwa kila miaka 5. Hatusemi kwamba maaskofu ndio walioyaandika masharti hayo. Wanasheria walisema, vyama vya upinzani vilisema, na wafanya kazi wa bandari walikuwa na hofu zao. Twasema hivi tu: swali la miaka liliulizwa kwa sauti kubwa, na jibu la miaka likapatikana.

Lakini usiku wa tarehe 30 Aprili 2025, Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza hilo, alishambuliwa na kujeruhiwa huko Kurasini. Mwanachama anayelisikia jambo hili na kucheka chini chini, tunao katika vikao vyetu, ajue kwamba rungu halichagui kadi.

Kuna unafiki mmoja ambao yatupasa kuutaja, maana unatuhusu sisi kuliko maaskofu. Kiongozi wa siasa akialikwa katika harambee ya kuezeka kanisa hukaribishwa mbele, hupewa kipaza sauti, hutoa bahasha na kusema sifa zake nusu saa nzima. Siku hiyo hatumsikii mtu akisema dini na siasa visichanganywe. Jirani zetu wa Kenya wamelifikiria jambo hili kutuzidi. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwakataza wanasiasa kuhutubia kanisani. Na mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha alizotoa Rais Ruto katika kanisa moja la mtaa wa Soweto, zaidi ya shilingi milioni mbili za kule. Askofu aliyerudisha bahasha anaweza kusema kwa uhuru. Aliyeipokea je?

Kwa maaskofu nao tuna maneno. Waraka kusomwa katika misa hakuufanyi kuwa Injili. Muumini aliyekaa katika benchi hawezi kunyosha mkono katikati ya ibada akauliza, "Baba Askofu, takwimu hizi umezipata wapi?" Mimbari ni mahali pa kusema pasipojibiwa, na mjadala usiojibiwa si mjadala. Waraka unaohusu bandari, uchaguzi au bei ya mbolea ungefaa usomwe, kisha baada ya ibada wafunguliwe watu ukumbi wa parokia, aje na anayepinga, akiwa Mkristo au Mwislamu, naye apewe muda sawa. Katika nchi ya dini nyingi, neno lisemwalo mbele ya watu wa upande mmoja tu laweza kufika upande wa pili likiwa limegeuka uvumi.

Na lipo shauri la wafanya kazi, ambalo twashangaa kwamba nyaraka hazikawii juu yake. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 aliandika juu ya haki ya mfanya kazi kupata ujira unaomtosha kuishi, na haki yake ya kuungana na wenzake. Papa aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025 amechukua jina hilo hilo kwa ajili ya jambo hilo hilo. Kanisa hapa kwetu limeajiri walimu, wauguzi, madereva, wapishi na walinzi wengi. Twaomba waraka ujao uwaeleze Wakristo, na sisi sote, mlinzi wa lango la shule ya jimbo anapokea kiasi gani mwisho wa mwezi, ana mkataba wa maandishi au hana, na akitaka kujiunga na chama cha wafanya kazi anaambiwaje. Gazeti hili litauchapa bila kuukata, na wenye kujibu watapewa ukurasa huu huu.