Neno "Simu" na Safari ya Waya

Katika madarasa ya Isimu huzuka mara kwa mara swali hili: je, neno "simu" limetokana na ile "sim kadi" inayowekwa ndani ya simu? Wanaouliza wana haki, kwani sauti zinafanana mno. Hata hivyo, jibu ni hapana. "Sim" ya kadi ni ufupisho wa maneno matatu ya Kiingereza ulioenea pamoja na simu za mkononi katika miaka ya 1990. "Simu" ni neno kongwe zaidi. Asili yake ni Kiajemi, ambako "sim" ni waya.

Waya huo ulifika Zanzibar mwaka 1879, wakati kebo ya telegrafu ilipolazwa chini ya bahari kutoka Aden, kisha ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo barua ya kwenda London ilitegemea meli na majuma mengi ya kungoja. Lugha ilikiita chombo kipya kwa kile kilichoonekana kwa macho, yaani waya, wala si kwa kazi yake.

Simu ya kuongea ilipokuja, neno lilikuwa tayari lipo. Likapanuliwa: simu ya maandishi, simu ya mdomo, na hata mawasiliano ya redio yakaitwa "simu ya upepo". Tukifuata asili ya neno, huo ni waya wa upepo! Watumiaji hawakuona kasoro yoyote, kwa sababu maana ya waya ilikwisha kusahaulika. Jambo hili linafaa kusisitizwa kwa wanafunzi: maana ya neno hufuata matumizi, si asili yake.

Hapa Uganda simu za mkononi zilianza mwaka 1995. Luganda ilikuwa na "essimu", na mtu "hukuba essimu" kama Mswahili anavyopiga simu. Kitenzi chenyewe kimetafsiriwa. Kwingineko wataalamu walibuni "rununu" na "simutamba". "Rununu" limepata nafasi katika vyombo vya habari vya Kenya, lakini mitaani watu wengi wamebaki na "simu" tupu. Kwa maoni yangu hawakosei, kwani siku hizi simu ya mezani ndiyo inayohitaji kufafanuliwa. Cha kuchekesha ni kwamba kadi yenyewe imeitwa "laini", kutokana na neno la Kiingereza linalotaja ule ule waya wa simu. Waya umerudi kwa mlango wa nyuma.

Athari nyingine iko katika maandishi. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza mwezi Desemba 1992, na kikomo chake kilikuwa herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Kiswahili hubana mengi katika neno moja, mathalani "sitakupigia", lakini neno hilo hula herufi 11. Vijana wakapata njia: "2taonana", ambapo tarakimu husomwa kwa Kiingereza ili kupata kiambishi cha Kiswahili. Anayeandika hivyo ameshakitenga kiambishi cha nafsi bila kufundishwa. Katika insha nitaisahihisha bila huruma. Katika somo la mofolojia ningeanza na mfano huo huo, kisha niwaulize wanafunzi iwapo anayeandika "ki2" badala ya "kitu" hufanya hivyo kwa sababu ile ile.