Ndani ya WO 95

Fomu ilikuwa moja kwa jeshi zima la Uingereza: C.2118. Ilikuwa na safu ya mahali, ya tarehe, ya saa, na ya muhtasari wa matukio. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kila kikosi kilitakiwa kuijaza kama shajara yake ya vita, kiwe kimezama kwenye matope ya Ufaransa au kinatetemeka kwa malaria kandokando ya Rufiji. Zilizosalia zimetunzwa Kew, London, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, kwenye fungu liitwalo WO 95.

Kuzipiga picha ni kazi ya mikono na subira. Ugumu huanza baadaye, kwa sababu picha ya ukurasa haitafutiki. Programu iliyozoea kusoma chapa hubabaika mbele ya mwandiko wa ofisa aliyeandika haraka kwa penseli. Ndiyo maana Januari 2014 wahifadhi wa Kew, pamoja na Makumbusho ya Vita ya Imperial na jukwaa la Zooniverse, waliwaomba watu wa kawaida wawasaidie kusoma shajara za Ufaransa na Ubelgiji. Zooniverse ilitokana na mradi ambao watu walipanga galaksi kwa maumbo yake, na mbinu ni ileile: ukurasa mmoja husomwa na watu kadhaa wasiojuana, kisha kompyuta hulinganisha majibu yao. Wanne wakiona jina moja na wa tano akaona jingine, wa tano huachwa.

Mgeni wa kazi hii angetamani kukusanya kila karatasi inayotaja Tanga na kuiweka kapu moja. Wahifadhi hawakubali, na kanuni yao iliandikwa na Waholanzi watatu mwaka 1898: nyaraka zibaki katika mpangilio wa ofisi iliyozizaa. Amri ya kurudi nyuma haieleweki vizuri ikitenganishwa na ripoti ya jana yake ya upungufu wa chakula. Kompyuta imepunguza ugomvi huo, maana ukurasa unaweza kukaa kwenye jalada lake na bado ukabandikwa lebo kumi.

Kuna pia ulinzi usioonekana. Kila faili la picha hukokotolewa namba ndefu kama alama ya kidole. Herufi moja tu ya data ikibadilika, namba yote inakuwa nyingine, na kasoro inajulikana kabla nakala mbovu haijafuta nzima. Karatasi hazikuwa na bahati hiyo. Septemba 1940 bomu la Wajerumani liliteketeza ghala moja la London, na kumbukumbu za askari wa Vita vya Kwanza, takriban asilimia 60, zikaishia motoni.

Moto hauelezi kila pengo. Katika shajara za Afrika Mashariki, ambazo nazo zimo WO 95, maofisa Wazungu hutajwa kwa majina. Wapagazi kwa kawaida hutajwa kwa idadi. Kikosi chao ndicho kilichoacha majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Hakuna programu itakayopata jina ambalo karani hakuliandika.

Kwa mjukuu wa mpagazi, basi, lebo yenye faida ni ya mahali na tarehe: Kibata, Desemba 1916, kwa mfano. Hapo tahajia nayo huleta balaa. Behobeho, alikouawa mwindaji Selous Januari 1917, huandikwa pia Beho Beho na Beho-Beho, na kwa kompyuta hizo ni sehemu tatu. Mpanga hifadhi hulazimika kuyafunga majina yote kwenye nukta moja ya ramani, kijiji baada ya kijiji, na vingine vilishahama au kubadili jina.