Kingamwili na Utambuzi wa Sukari: Kipimo cha Kichocho katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Kingamwili inayotambua sukari haitambui kiumbe kilichoitoa sukari hiyo. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita, jambo hilo huamua nani apewe prazikwanteli na nani aambiwe hana kichocho.

Kipimo cha haraka cha mkojo hutafuta antijeni iitwayo CCA. Minyoo ya kichocho, iishiyo ndani ya vena, hucheua yaliyomo tumboni mwake kwenye damu ya mgonjwa. Miongoni mwake mna mnyororo wa sukari ambao hatimaye hutoka na mkojo. Mnyororo huo hurudiarudia mpangilio wa Lewis X, yaani galaktosi, fukosi na N-asetiliglukosamini. Mpangilio huohuo umo juu ya chembe nyeupe za damu za binadamu. Ndiyo maana mstari hafifu wa kipimo haufasiriki kwa wepesi, hususan kwa mjamzito au mwenye maambukizi ya njia ya mkojo.

Jiografia nayo huongeza ugumu. Geita, kando ya Ziwa Victoria, aghalabu mna Schistosoma mansoni, anayeenezwa na konokono wa Biomphalaria. Shinyanga, penye malambo na madimbwi ya msimu, hutawaliwa na S. haematobium, anayeenezwa na Bulinus. Kipimo cha CCA humbaini vyema wa kwanza. Wa pili humponyoka mara nyingi. Mchimbaji mdogo aliyekulia Shinyanga kisha akahamia machimbo ya Geita aweza kupata jibu hasi ilhali kibofu chake kina mayai. Kwa maoni yangu, kutumia kipimo hiki peke yake katika ukanda mzima hakukubaliki: kuchuja mililita 10 za mkojo na kutafuta mayai kwa hadubini bado ni lazima. Antijeni nyingine, CAA, hutolewa na spishi zote mbili na mpangilio wa sukari zake haumo mwilini mwa binadamu, ila upimaji wake huhitaji maabara.

Taaluma ya histoni imekumbana na tatizo lilelile. Mwaka 2011 jarida la Nature lilichapisha ripoti ya sukari ya GlcNAc juu ya histoni H2B. Mwaka 2015 watafiti wengine, katika jarida la Epigenetics, walitilia shaka uwezo wa kingamwili zilizotumika kutambua sukari hiyo kwenye histoni. Udhibiti unaotakiwa hapo ni kuikata sukari kwa kimeng'enya: ishara ikibaki, kingamwili imeshika kitu kingine. Kwa kichocho, kinachokaribiana na hatua hiyo ni kupima mkojo wa wakazi wa eneo lisilo na ugonjwa, na kuwapima tena wagonjwa wiki kadhaa baada ya tiba. Mstari usiofifia huweza kutokana na minyoo iliyosalia, maambukizi mapya au sukari ya mgonjwa mwenyewe, na hapo CAA ndiyo husaidia kutenganisha.