Freddie Mercury: Sauti tunaisifu, vidole je?

Kama unasali Sumbawanga mjini, au parokia yoyote ya Ufipa, hili umeliona. Misa imeisha, watu wako nje na makoti yao wakiota jua, na sifa zote zinakwenda kwa aliyeimba solo. "Yule dada ana sauti jamani!" Huku ndani, mpiga kinanda bado anakunja waya. Hakuna anayemtaja. Ila akikosekana Jumapili moja tu, kanisa zima litajua.

Sasa fikiria mtu mmoja akifanya kazi zote mbili, za solo na za kinanda, halafu dunia ikumbuke moja tu. Ndicho kilichompata Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mwanamuziki wa roki maarufu kuliko wote waliozaliwa Zanzibar.

Alianzia kwenye piano

Freddie alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Akiwa na miaka 8 wazazi walimpeleka shule ya bweni huko Panchgani, India. Huko ndiko alikofundishwa piano.

Hapo shuleni yeye na wenzake waliunda bendi iliyoitwa The Hectics. Na kumbe Freddie hakuwa mwimbaji mkuu! Mwenzake ndiye aliyeshika maiki, yeye akakaa kwenye piano. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, na Queen ilizaliwa London mwaka 1970.

Sikiliza nyimbo hizi tatu

Weka hedifoni, sahau sauti kidogo, fuata piano.

*Bohemian Rhapsody* (1975). Baada ya zile sauti za mwanzo, piano inaingia taratibu. Mkono wa kushoto unavuka juu ya wa kulia kwenda kugusa nota za juu, kisha unarudi chini. Ukisikiliza bila kuona unaweza kudhani kuna mtu wa pili anamsaidia. Ni yeye mwenyewe, na ndiye anayeimba pia.

*Somebody to Love* (1976). Huu watu wa kwaya watauelewa haraka. Freddie aliutunga akiwa na muziki wa injili wa Wamarekani weusi kichwani, hasa uimbaji wa Aretha Franklin. Kwaya kubwa unayoisikia ni watu watatu tu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, waliorekodi sauti zao tabaka juu ya tabaka. Chini yao piano inabembea kwa tatu-tatu, na ndiyo inayowaonyesha wote pa kuingia na pa kuvuta pumzi.

*Don't Stop Me Now*, kutoka albamu ya mwaka 1978. Gitaa la Brian May karibu halipo, linakuja kupiga solo na kuondoka. Injini ya wimbo ni piano. Inaanza polepole, halafu inashika mwendo kama basi lililomaliza kupanda mlima.

Tuwe wakweli: Freddie hakuwa mpiga piano wa kushangaza majaji. Hakupiga nota nyingi ili aonekane. Kipaji chake kilikuwa kujua wimbo unahitaji nini, na kuacha vingine vyote.

Kwa nini hatukuviona vidole?

Sababu ya kwanza iko wazi: sauti ile ilifunika kila kitu. Ukiongeza gitaa la May, masikio yanakuwa yameshajaa.

Ya pili inatoka kwake mwenyewe. Freddie alipenda kuzunguka jukwaani, na piano hukufunga kwenye kiti. Kuanzia ziara za mwaka 1982, Queen ilianza kuongeza mpiga kinanda wa kuwasaidia jukwaani. Freddie akabaki na piano kwenye nyimbo chache, muda mwingine akawa huru na maiki yake. Picha tulizobaki nazo kichwani ni za mtu aliyesimama, ngumi juu.

Lakini rudia video ya Live Aid, uwanja wa Wembley, 13 Julai 1985. Shoo ile ya dakika kama 20, ambayo wengi wanaihesabu kuwa bora kuliko zote, ilianzaje? Freddie aliingia akikimbia, akapungia watu, kisha akakaa kwenye piano. Umati ule mzima aliushika kwanza kwa vidole. Maiki ya kuzunguka nayo ilifuata baadaye.

Septemba 2023, piano yake ya Yamaha aliyoitumia kutungia Bohemian Rhapsody ilipigwa mnada London. Iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Kwa hiyo kuna watu wanaojua thamani ya kilichokuwa chini ya ile sauti.

Wewe huhitaji mamilioni. Jumapili hii, kabla hujatoka kwenda kuota jua, pita pale kwenye kinanda. Mwambie tu, "Leo umepiga vizuri." Pengine ni mara ya kwanza kuambiwa mwaka huu.